Sentensi zangu ni sahihi, mbona ripoti haieleweki?

SWALI: Kazini naandika ripoti kila mwezi. Sarufi naikagua, tahajia naikagua, lakini mkuu wangu hunirudishia na neno moja tu, "Haieleweki." Nimejaribu kufupisha sentensi, wapi! Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole. Maandiko mengi yanayoletwa kwangu kuhaririwa yana tatizo kama lako. Ukiisoma sentensi mojamoja, kila moja inaeleweka. Kisichoonekana ni kwa nini hii imeifuata ile. Wewe sababu unaijua, imo kichwani mwako, lakini mkuu wako ana karatasi tu.

Chukua ripoti iliyorudishwa. Pembeni ya kila aya andika, kwa maneno yasiyozidi kumi, aya hiyo inasema nini. Ukiandika "pampu" umetaja mada tu. Ukiandika "pampu ya pili iliharibika kwa kukosa oili" umetoa hoja, na hoja ndiyo tunayoitafuta. Kisha funika ripoti, usome yale ya pembeni peke yake. Aya iliyokushinda kuiandikia hoja ama haina kazi, ifute, ama imebeba hoja mbili, igawe. Na ukikuta jambo kubwa kuliko yote limekaa aya ya mwisho, basi umeandika kwa mfuatano ule ule uliochunguzia. Lipandishe juu. Mkuu wako anataka kujua kwanza kimetokea nini na unamtaka afanye nini. Safari ya uchunguzi wako ataisoma baadaye, akiwa na haja nayo.

Ndani ya aya, anza sentensi na kile ambacho msomaji ameshakipata, kipya kije nyuma yake. "Maji yalipungua kwenye tangi. Upungufu huo ulisababishwa na vali iliyoziba. Vali hiyo haikuwa imesafishwa tangu ifungwe." Ona "huo" na "hiyo" zinavyoshika sentensi mkono. Ona pia kwamba kauli ya kutendwa, ambayo wengine huikataza kabisa, hapa ndiyo iliyouweka upungufu mahali pake, mwanzoni.

Kiswahili nacho kina mitego yake. "Meneja alimwambia mhasibu kwamba barua yake imepotea." Barua ya nani? Ngeli hutuokoa mara nyingi: katika "ufunguo wa kabati ambao umevunjika" hakuna anayedhani kabati ndilo lililovunjika. Lakini majina mawili yakiwa ya ngeli moja, kama "msaidizi wa fundi ambaye aliugua", msomaji anabaki njia panda. Rudia jina. Shuleni tulionywa tusirudierudie maneno, na kwa insha za kupamba lugha sawa, ila kwenye ripoti kurudia ni kumheshimu msomaji. Kitu ulichokiita "mashine" ukurasa wa kwanza kisigeuke "mtambo" ukurasa wa pili na "kifaa" wa tatu, maana msomaji atahesabu vitu vitatu.

Halafu kuna minyororo ya "wa" na "ya". "Utekelezaji wa mpango wa uboreshaji wa utunzaji wa kumbukumbu umeanza." Sentensi ina maneno kumi, ni fupi, na bado inachosha, kwa sababu vitendo vyote vimegeuzwa majina na mtendaji ametoweka. Rudisha vitenzi: "Wiki hii idara imeanza kutunza kumbukumbu kwa utaratibu mpya." Sasa tunajua nani anafanya nini, na lini.

Ukimaliza, mpe mwenzako ambaye hakuwepo kwenye kazi hiyo aisome mara moja, kisha akusimulie bila kuitazama. Akikwama mahali, usimfafanulie kwa mdomo. Weka alama hapo hapo kwenye karatasi, uandike upya aya hiyo kabla hujaipeleka kwa mkuu wako.