Wiki mbili Kanada na familia: chagueni upande mmoja, na mwezi wake

Ndugu muulizaji, umeandika kwamba una siku kumi na nne za likizo mwezi wa Aprili, kwamba utasafiri na mkeo na watoto wawili kutoka Dar es Salaam, na kwamba mngependa kuona Toronto, maporomoko ya Niagara, Montreal, milima ya Banff na mwisho Vancouver. Nimekwenda Kanada mara mbili kumtembelea mdogo wangu anayeishi Calgary, mji ulio karibu na milima ya Banff, na safari ya kwanza, kuanzia mwishoni mwa Aprili 2018, niliipanga karibu sawasawa na hiyo yako. Acha nikueleze ilivyonipata.

Ramani ndiyo iliyonidanganya. Kutoka Toronto hadi Vancouver kwa barabara ni zaidi ya kilomita 4,000. Kwa ndege ni kama saa tano angani, na anayepanda treni hulala njiani siku nne. Ukijumlisha kuwahi uwanjani, kusubiri mizigo, kutafuta usafiri wa kufika hotelini na tofauti ya saa tatu kati ya miji hiyo miwili, utaona kwamba kila safari ya ndege ya ndani inakula siku nzima. Katika siku zangu kumi na mbili, nne ziliishia viwanja vya ndege. Tena wakati huo wa mwaka Toronto iko nyuma yetu kwa saa saba na Calgary kwa saa tisa, kwa hiyo msishangae watoto wakiamka saa nane za usiku kudai chai.

Kosa la pili lilikuwa mwezi wenyewe. Nilifika Lake Louise, ziwa lililo katika milima ya Banff, mwanzoni mwa Mei nikitarajia yale maji ya rangi ya feruzi yanayoonekana kwenye picha, nikakuta uwanja mpana wa barafu ya kijivu, kwa sababu ziwa lile kwa kawaida haliachi barafu mpaka karibu na Juni. Rangi ile hutokana na unga laini wa mawe yanayosagwa na mito ya barafu huko juu milimani, ambao huingia ziwani pamoja na maji ya barafu inayoyeyuka. Barafu isipoyeyuka, hakuna rangi. Barabara ya kwenda Moraine Lake, ziwa jingine la jirani, nayo ilikuwa bado imefungwa. Nilirudi Calgary na picha za barafu, na mdogo wangu akanicheka hadi leo.

Safari ya pili, Septemba 2023, nilikataa kila kitu isipokuwa milima: Calgary, Banff, Lake Louise, Jasper, kisha kurudi. Siku kumi zilitosha kwa raha. Julai na Agosti kuna joto zaidi, lakini watu ni wengi mno na miaka mingine moshi wa misitu inayoungua huficha milima yote. Mnamo Julai 2024 moto ulifika hadi mji wa Jasper na kuteketeza takriban theluthi moja ya majengo yake, kwa hiyo atakayelala huko atafute chumba mapema. Septemba hewa ni safi, alfajiri ina baridi ya kweli, na kuelekea mwisho wa mwezi kuna aina moja ya msonobari ambao majani yake hugeuka manjano kabla ya kupukutika. Sikujua kwamba msonobari unaweza kupukutisha majani.

Kutoka Calgary hadi Banff ni kama kilomita 130. Hifadhi ya Banff ilianza mwaka 1885 na ndiyo ya kwanza katika nchi ile, nayo ina mji ndani yake, jambo ambalo sisi tuliozoea Serengeti hulishangaa. Tangu 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kwenda Moraine Lake. Mnapanda basi la hifadhi, ambalo nafasi zake huwekwa mtandaoni. Sehemu ya nafasi hizo hufunguliwa wakati wa masika, na nyingine hufunguliwa siku mbili kabla ya safari, saa mbili asubuhi kwa saa za huko. Kaeni mmefungua simu kabla ya wakati huo, maana zinaisha upesi kama tiketi za mabasi ya kaskazini wiki ya Krismasi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote, hata hivyo, ni barabara ya Icefields Parkway, kilomita 230 kutoka Lake Louise hadi Jasper, inayopita kando ya mto wa barafu wa Athabasca. Jazeni mafuta kabla ya kuondoka, kwa kuwa katikati kuna kituo kimoja tu, na pakueni ramani kwenye simu, kwa sababu mtandao haupatikani karibu njia nzima. Magari hupita kulia na usukani uko kushoto. Siku ya kwanza nilikuwa nikiwasha vifuta vioo kila nilipotaka kuonyesha ninakata kona, jambo ambalo watoto wangu hawajalisahau. Mkimwona dubu, kaeni umbali wa mita 100 au zaidi, wala msishuke garini kwa ajili ya picha.

Kuhusu fedha, fahamuni kwamba bei iliyobandikwa dukani si mtakayolipa, kwani kodi huongezwa mnapofika kulipia: asilimia 5 katika jimbo la Alberta (kwenye Calgary na Banff), 13 Ontario (kwenye Toronto), karibu 15 jimbo la Quebec (kwenye Montreal). Mgahawani mhudumu hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 juu ya hapo.

Sasa viza. Ada ni dola 100 za Kanada kwa kila mtu, na alama za vidole ni dola 85 kwa mtu mmoja au 170 kwa familia inayoomba pamoja, kwa hiyo ninyi wanne mtalipa 570, na ombi likikataliwa ada ya viza hairudishwi. Anzeni miezi kadhaa kabla. Barua ya mwaliko inasaidia, lakini haitoshi. Ambatanisheni taarifa za benki za miezi mingi, barua ya ruhusa ya likizo kutoka kazini na ushahidi kwamba mna sababu ya kurudi. Msilipie tiketi kabla viza haijatoka, na mkija kununua, epukeni njia inayopita Marekani: Mtanzania anahitaji viza ya Marekani hata kama anabadilisha ndege tu.

Ikiwa Aprili haiwezi kusogezwa, basi acheni milima na Vancouver, mkae mashariki. Niagara haingoji kiangazi, na iko kilomita 130 hivi kutoka Toronto. Kutoka hapo treni huwafikisha Montreal, na hatimaye Quebec, mji uliojengwa tangu 1608 na ambao bado una kuta zake. Aprili ni msimu wa sharubati ya mti wa mepo (maple), yaani utomvu wake unaochemshwa hadi uwe mzito na mtamu. Nje ya Montreal tulikwenda kwenye banda la shambani ambako huimimina ya moto juu ya theluji, ikaganda, mkaizungusha kwenye kijiti kama peremende. Ila ulizeni kwanza kuhusu chakula kinachoambatana nayo, kwani maharage, supu na hata mayai huweza kuwa na nyama ya nguruwe.

Na mkiwa Toronto, nendeni Makumbusho ya Aga Khan, yaliyofunguliwa mwaka 2014. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kurasa za Qur'ani za kale nikisikia mabibi wawili nyuma yangu wakibishana kwa Kiswahili safi cha Mwanza kuhusu nani aliyesahau miwani nyumbani.