Maswali ya wasomaji: Mitutu imekonda, niivishe upya?

SWALI: Nina bunduki ya marisau ya mitutu miwili, kaliba 12, kazi ya Birmingham ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Fundi amepima ndani, sentimita 23 kutoka upande wa chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inayoingia ganda), akapata kipenyo cha inchi .742. Mhuri wa majaribio, yaani alama inayopigwa bunduki ikishapimwa usalama, unasoma .729. Palipokonda zaidi, ukuta ni milimita 0.4. Anashauri kuvisha mabomba mapya, lakini gharama inapita bei niliyonunulia bunduki yenyewe. Nikubali? – Msomaji, Leicester

JIBU: Mitutu hiyo imekwisha, hapo fundi wako yuko sahihi. Saizi za mhuri hupanda kwa ngazi, na inayofuata .729 ni .740. Umeshaipita, na kwa sheria ya Uingereza ya 1868 kuuza bunduki iliyotoka nje ya mhuri wake ni kosa. Ukuta nao uko chini ya milimita 0.5 ambazo mafundi wengi huzichukua kuwa mwisho.

Ila usilipe kabla ya kukagua kile kitakachobaki. Katika kazi hii mitutu hukatwa kama milimita 75 kutoka nyuma. Kipande cha nyuma, chenye ndoano zinazoshika bodi, hutobolewa, kisha mabomba mapya yaliyokerezwa huingizwa humo na kulehemiwa au kuchomelewa. Chemba na choki (ule mbano wa mdomoni) huchongwa upya, na mabapa ya kati, yanayounganisha mitutu miwili, hurudishwa. Kwa hiyo ndoano zilizolika au bawaba iliyolegea hazitaponywa na bomba jipya. Toa mbao ya mbele, funga bunduki, ishike shingo ya kitako uitikise. Ikicheza, ikazwe kwanza, na bei ya kukaza uijumlishe kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii: bunduki iliyovishwa huuzwa kwa bei ya chini kuliko yenye mitutu yake ya asili iliyo salama. Ikiwa ni ya kawaida ya dukani, nunua nyingine. Ikiwa makufuli, yaani mitambo ya kufyatulia, ni mazuri, kitako kinakukaa begani bila kutafuta shabaha, na unataka kuipiga miaka mingi, visha. Unapata chuma kipya kinachoweza kupitishwa kwa marisau ya chuma. Hilo si dogo: England ilishakataza marisau ya risasi (ile metali laini) kwa bata maji tangu 1999.

Mwulize fundi uzito wa mwisho, na auandike. Mitutu ya kaliba 12 ya inchi 28 huwa kilo 1.3 hadi 1.4. Fundi mvivu huacha mabomba manene kwa nje, nawe unarudishiwa bunduki inayolalia mdomo kama jembe. Akizungumzia kuipaka weusi kwa chumvi za moto, kataa. Chumvi hizo hula lehemu laini, na mabapa yatabanduka. Weusi wa mitutu miwili hutengenezwa kwa kutu ya polepole, tabaka juu ya tabaka.

Siku ya kuichukua, ining'inize mitutu kwa ndoano, igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, lehemu imeshika. Sauti ya gunia ina maana kuna mahali pameachia. Na isipokuwa na mhuri mpya wa majaribio wa London au Birmingham, usiipokee.

SWALI: Nitajuaje mnadani kuwa bunduki imevishwa? – Msomaji, Reading

JIBU: Tazama kiasi cha milimita 75 kutoka nyuma ya mtutu. Huwa kuna mstari mwembamba unaozunguka mtutu, mara nyingine umefichwa kwa nakshi, ila ukipitisha ukucha taratibu huenda ukausikia. Kisha fungua bunduki usome mitutu kwa chini: neno SLEEVED hupigwa pamoja na mihuri ya majaribio. Mstari ukiwepo na neno halipo, rudisha bunduki mezani.