Barua kwa mwanangu: kwa nini nyumba za Milton Abbas zimefanana

Mwanangu,

Picha uliyonipigia huko Milton Abbas, kijiji cha Dorset, Uingereza, nimeipata, na swali lako pia: "Mama, mbona nyumba zote zimefanana kama mapacha?" Zimefanana kwa sababu ni mtu mmoja aliyeamua zijengwe. Na kabla yake palikuwa na mji mwingine kabisa.

Mji huo uliitwa Middleton. Ulikuwa bondeni, ubavuni mwa abasia, yaani kanisa na makao ya watawa, iliyoanzishwa na Mfalme Athelstan mwaka 934, una soko, shule na vilabu vya pombe. Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, mali ile aliuziwa John Tregonwell mwaka 1540, lakini mji ukabaki. Balaa liliingia mwaka 1752, Joseph Damer, ambaye baadaye akawa Lord Milton, alipoinunua. Alitaka dirishani kwake aone nyasi, miti na maji, asione mapaa ya watu wa sokoni. Basi kila mkataba wa pango ulipokwisha, nyumba ikabomolewa. Ilichukua miaka mingi, na hilo ndilo linaloniuma: jirani anaondoka leo, wewe umebaki unahesabu miaka yako.

Wakili mmoja, William Harrison, alikataa kuachia mkataba wake. Inasimuliwa kwamba Lord Milton aliamuru mlango wa bwawa ufunguliwe, maji yakamfuata Harrison hadi nyumbani. Akamshtaki bwana mkubwa, akashinda. Nampenda mtu yule kama ndugu yangu.

Waliobaki walihamishiwa mtaa huo uliopiga picha, uliokamilika karibu mwaka 1780, kwenye bonde la pembeni ambako jumba la Lord Milton haliwaoni. Walioupanga ni mbunifu William Chambers na Capability Brown, fundi mashuhuri wa bustani. Itazame tena picha yako, mwanangu. Kila nyumba ina mlango mmoja katikati, na nyuma ya mlango huo ziliishi familia mbili. Zile kuta nyeupe ni udongo uliokandwa na majani makavu, paa ni nyasi. Bibi yako alizaliwa katika nyumba ya udongo na nyasi vilevile, ndiyo maana niliposimama pale zamani za masomo yangu nilishika ukuta nikanyamaza.

Nyumba ni nzuri, sikatai. Ila Jumapili ukipata nafasi, shuka hadi abasia. Ndani utamkuta Lord Milton kwa marumaru, ameegemea kiwiko, anamtazama mkewe Caroline aliyefariki mwaka 1775. Alijua uchungu wa kupoteza, naye. Kisha toka nje kwenye nyasi, utafute kitako cha jiwe la msalaba wa soko. Ni alama mojawapo chache za mji ule. Nipigie picha yake, kwa karibu.

Mama yako