GPA 3.2 mwaka wa pili, masters ya uchumi utafika?

Mkuu, umeuliza kama GPA ya 3.2 kati ya 5 mwaka wa pili, tena umetokea HGE (historia, jiografia na uchumi) na hesabu yako ni BAM tu, ile hesabu ya msingi ya kidato cha tano na sita, itakufikisha masters ya uchumi. Mimi nilitokea HGE hivyo hivyo, nikala sapu (mtihani wa marudio) ya hesabu semista ya kwanza, na masters nimemaliza. Kwa hiyo sikutishi, ila sikupambi pia.

La GPA ni fupi. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka angalau 2.7, lakini hiyo inakupa ruhusa ya kuomba tu. Penye ushindani lenga 3.5, mwanzo wa upper second (daraja la pili la juu). Kama yuniti za kila mwaka zinalingana, kutoka 3.2 unahitaji 4.1 mwaka wa tatu: B+ karibu zote na A za kuziba mapengo.

Sasa hapo ndipo nilipojikwaa. Ili nipandishe GPA nilikimbilia kozi laini, zile za insha na presentesheni. Nikapata 3.6, nikaomba kwa kifua mbele, nikakosa. Mwalimu mmoja alinihurumia, akachukua transkripti yangu na kalamu nyekundu. A zangu zote alizipita bila kuzitazama, akazungushia duara C mbili: hesabu na ekonometria (takwimu za kupima mambo ya uchumi). Akasema, "Wanaosoma maombi wanaanzia hapa."

Kisha akanipa swali dogo. Una 40,000, sahani ya chipsi 2,000, soda 1,000, na kuridhika kwako ni chipsi mara soda. Nikaandika Lagrange haraka, ile njia ya kutafuta kilicho bora ndani ya bajeti: sahani 10, soda 20, na ile namba inayotoka pembeni, lambda, 0.01. Nikatabasamu. Akauliza, "Hiyo lambda inakuambia nini?" Kimya. Miaka mitatu nimeikokotoa kama dua ya kukariri! Maana yake ni kwamba ukiongezewa shilingi moja, kuridhika kunapanda kwa karibu 0.01. Ongeza 1,000 uone: sahani 10.25, soda 20.5, kutoka 200 unafika kama 210. (Robo sahani ya chipsi hakuna anayekuuzia, najua.)

Masters ni hiyo lambda kila siku. Wiki za mwanzo hakuna anayekufundisha matriksi, yale majedwali ya namba, unakuta ekonometria imeshaandikwa kwayo ubaoni. Mimi nilikaa mwaka mzima nyumbani nikirudia kalkulasi na matriksi kwa daftari, maswali kumi kila jioni, ndipo nikaomba tena.

Ukilenga ule mpango wa masters wa pamoja wa AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika yenye makao Nairobi, ulioanza 1993 na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kimo, jua kwamba nguzo zake ni maikro, makro na mbinu za kihesabu. Kozi za hiari ndizo wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukusanyika kusoma pamoja. Anayeingia na msingi mwepesi anaumia kwenye hizo tatu kabla hajaiona Nairobi.

Kwa hiyo mwaka wa tatu usinifuate nilikopita. Chukua ekonometria na hesabu za uchumi hata kama B+ yake itakutoa jasho. Tasnifu yako nayo itumie data halisi, uendeshe regresheni (hesabu ya kupima uhusiano wa vitu kwenye data) mwenyewe, usimlipe mtu wa steshenari akufanyie, maana mwalimu anayekusimamia ndiye atakayekuandikia barua ya udhamini na anajua nani kafanya nini.

Weka hapa orodha ya kozi za hiari ulizopewa, tuzitazame kabla dirisha la usajili halijafungwa.