Kabla hujaibadilisha DVD ya nyumbani, inakili kwanza

Diski ya kwanza niliyoihamisha ilikuwa ya sherehe ya baba kustaafu. Nilikuwa na haraka. Niliiingiza kwenye kompyuta yangu ya Linux, nikatumia programu ya kwanza niliyoikuta, nikabonyeza bila kugusa mpangilio wowote, nikapata faili ndogo ya MP4. Nikaitazama dakika mbili kwenye kioo kidogo, nikaridhika, diski nikampa ndugu mmoja, nayo ikapotea. Tulipokuja kuitazama kwenye runinga kubwa ndipo nilipoona kwamba kila baba akiinua mkono, kingo za mkono zinachanika milia kama meno ya kitana. Na diski ya kurudia kazi haipo.

Ndiyo maana sasa siibadilishi diski yoyote kabla sijatoa nakala yake kamili. Filamu ya dukani ikiharibika utapata nyingine. Ya harusi ya dada yako ni hiyo moja tu, na diski nyingi za kurekodia nyumbani zina tabaka la rangi ambalo hufifia kadiri miaka inavyopita, hasa zikikaa kwenye joto na jua.

Kuitazama tu hakuna shida. Programu ya VLC huicheza pamoja na menyu zake, na programu ya mpv huicheza ukiandika `mpv dvd://`. Utakutana na watu wanaokuambia huwezi kucheza DVD kwenye Linux bila kusakinisha libdvdcss. Maktaba hiyo ni ya kufungua kufuli la filamu za kibiashara. Video uliyorekodi mwenyewe haina kufuli hilo, kwa hiyo usihangaike nayo.

Ukiona kompyuta inasema diski ni tupu na wewe unajua ina picha, usikate tamaa na wala usiandike kitu juu yake. Mara nyingi mashine iliyoirekodi haikuifunga (finalize) mwishoni. Tafuta mashine ileile, au ya aina ileile, uifunge humo, kisha uirudishe kwenye kompyuta. Na ukikuta folda ya DVD_RTAV badala ya VIDEO_TS, video yako imo ndani ya faili la VR_MOVIE.VRO. Linakili, ulifungue kwa VLC.

Sasa nakala. Ifute diski kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kisha kwenye terminali, dirisha la kuandika amri (`/dev/sr0` ni kisomaji cha diski):

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 sherehe.iso sherehe.map`

Naipenda ddrescue, programu ya kunakili diski zenye kasoro, kwa sababu haing'ang'anii mkwaruzo. Inachukua kwanza vyote vinavyosomeka kwa urahisi, halafu inaandika kwenye faili la ramani sehemu zilizokataa. Ukimaliza, irudishe ddrescue kwenye sehemu hizo tu:

`ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 sherehe.iso sherehe.map`

Kama bado kuna mapengo, hamishia diski kwenye kisomaji cha kompyuta nyingine, chukua ISO (lile faili la nakala ya diski nzima) na ramani yake, uendelee palepale ulipoishia. Nimewahi kuona kisomaji kimoja kikishindwa kabisa na kingine kikasoma karibu yote. Diski ya tabaka moja ina GB 4.7 tu, nafasi ambayo siku hizi si kitu, kwa hiyo ISO hiyo usiifute hata ukishapata MP4 nzuri.

Ukiifungua ISO utaona folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, kila moja lisilozidi GB 1. Video ndefu hukatwa vipande: VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea. Lile la VTS_01_0.VOB ni menyu, liache. Viunganishe vipande kwa mpangilio:

`cat VTS_01_[1-9].VOB > sherehe.vob`

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Kamera nyingi za zamani hazikurekodi picha nzima kwa mara moja. Zilichukua mistari ya witiri, kisha ya shufwa, na kati ya hizo mbili mtu alikuwa ameshasogea. Runinga za zamani zilionyesha hivyohivyo bila tatizo, lakini kioo cha leo kinaonyesha zote mbili pamoja, ndiyo ile milia. Dawa yake ni chujio la bwdif, ndani ya programu ya ffmpeg:

`ffmpeg -i sherehe.vob -vf bwdif -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k sherehe.mp4`

Kwa video ya mfumo wa PAL, yenye picha 25 kwa sekunde, utapata 50, na mwendo unakuwa laini kama ulivyokuwa kwenye runinga ya enzi hizo. Hiyo crf, namba ikishuka ubora unapanda na faili linakuwa kubwa. Mimi sipandi zaidi ya 20 kwa kumbukumbu za familia. Asiyependa terminali atumie HandBrake, programu ya kubonyeza: achague chujio la Yadif, linalofanya kazi hiyohiyo, aweke RF 18 (RF ndiyo ile crf). Na tafadhali usikuze picha ifike 1080. Chanzo ni 720 kwa 576, na kuitanua hakuongezi uso wa mtu hata nukta moja ya kweli.

Ukimaliza, tazama faili lote, usiishie mwanzo. DVD husomwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndiko vidole hushika na mikwaruzo huanzia. Ikiwa kuna kilichopotea, huenda ni dakika za mwisho, pale wageni wanapoaga na mama anasimama kushukuru.