Mtoto akiwa mkalimani wa nyumba, mila hugeuka ugomvi

Wiki hii mmeuliza: familia ikihamia nchi ya kigeni, mtoto ashike mila za wazazi au aige wenyeji? Mimi ni mkalimani hospitalini, na mgongano huo naushuhudia ana kwa ana.

Kabla hatujaitwa sisi, anayesema huwa ni mtoto. Daktari anamtazama yeye badala ya baba. Anaulizwa kuhusu damu, choo, uvimbe wa mama yake. Anameza mate, anafupisha, mengine anayaficha kwa aibu. Fomu anajaza yeye, barua ya mwenye nyumba anasoma yeye. Baba, ambaye kwao akifungua mdomo watu walikuwa wakinyamaza kumsikiliza, amekaa mikono magotini akisubiri kuambiwa kilichosemwa. Jioni baba huyohuyo atakataza nguo fulani, atachagua marafiki, atafoka akisikia lugha ya shuleni sebuleni. Majirani watasema mila zao ni kali. Nionavyo mimi, mzee huyu amebakiwa na mahali pamoja tu ambapo neno lake lina uzito, na anapalinda kwa nguvu zote.

Kwa hiyo ile "au" ya swali lenu inanisumbua. Mwanasaikolojia John W. Berry aliainisha njia nne za mhamiaji: kumezwa na utamaduni wa wenyeji, kujitenga nao, kushika tamaduni zote mbili, au kukosa zote. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya vijana wa familia za wahamiaji katika nchi 13. Kundi kubwa zaidi lilikuwa la walioshika zote mbili, na kwa jumla ndio waliokuwa na hali njema kuliko wenzao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 nao, katika kifungu cha 29, unataka elimu imfunze mtoto kuheshimu wazazi wake, lugha na maadili yake, pamoja na maadili ya nchi anamoishi.

Ila mtoto hawezi kushika mila kwa amri tupu. Akiuliza kwa nini, ajibiwe. "Ndivyo tulivyolelewa" haimtoshi mtu anayeulizwa na wenzake darasani kila siku. Halafu kuna jambo wazazi wengi hawaliangalii: mila wanazozidai ni za mwaka ule walioondoka. Kule nyuma watu hawakusimama. Binti akienda likizo anawakuta binamu zake wako huru kuliko yeye, na akirudi, imani yake kwa wazazi imepungua. Hilo linaniuma, maana wazazi hao hawakumdanganya. Walibeba walichokijua.

Mtoto akipunguziwa kazi ya kusemea watu wazima, baba na mama wanarudi kuwa wazazi, na mazungumzo ya mila yanapoa. Nimeona familia ikibadilika hivyo, polepole. Wazazi, jifunzeni lugha ya mlipo hata kwa kubabaisha. Haitawapunguzia asili yenu. Walimu, msimpe mtoto barua inayomlalamikia awasomee wazazi wake. Na mkipanga miadi ya daktari, ombeni mkalimani siku hiyohiyo, ili mtoto abaki darasani.