Wembamba sio kinga ya kolesteroli
Mtu anaweza kabisa kuwa mwembamba na kolesteroli, yaani mafuta fulani ya kwenye damu, iko juu. Nyingi inatengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, na ini hilohilo ndo linatakiwa kuivuta ile ya LDL, yaani kolesteroli mbaya, kutoka kwenye damu kwa vipokezi vyake, vile vinavyoinasa, sasa wengine wanazaliwa na jeni yenye hitilafu, vipokezi vinakuwa vichache au havishiki vizuri, basi LDL inabaki inazunguka tu mpaka inajipachika kwenye kuta za mishipa ya moyo hata kama mtu anashindia mchicha. Wanasayansi Brown na Goldstein walipata Nobel 1985 kwa kugundua mambo hayo ya vipokezi. Wengine wenye jeni hiyo utaona kano ya nyuma ya kisigino imenenepa, ila sio wote, kwa hiyo mtu apime damu tu.